Kusoma Picha na Kuunda Picha ya Kihistoria: Kutoka Machela ya Kimathi hadi Studio ya Mwanafunzi wa Usanifu

Utangulizi

Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri, pembezoni mwa msitu wa Nyandarua. Haukupita muda mrefu kabla ya picha yake kuenea kote nchini: mwanamume yuko kwenye machela, mikono imetiwa pingu, nywele zake ndefu zimesokoteka, macho yamefumbuliwa. Serikali ya kikoloni iliichapisha picha ya Kimathi kwenye machela katika vikaratasi zaidi ya 120,000 na kuvisambaza kwa nia ya kuwavunja moyo wapiganaji waliobaki msituni pamoja na raia waliowalisha. Nusu karne baadaye, tarehe 18 Februari 2007, sanamu ya shaba ya mtu huyo huyo ilizinduliwa jijini Nairobi, katika barabara inayoitwa kwa jina lake. Katika sanamu hiyo Kimathi amesimama wima, ameshika bunduki mkono mmoja na kisu cha vita mkono wa pili. Nywele ni zile zile.

Kati ya machela na sanamu pana swali ambalo mwanafunzi wa usanifu hulikabili kila anapoombwa kuunda picha yenye kuchota historia: je, picha ya zamani inasomwaje, na ikishasomwa, ni kwa haki gani mtu wa leo anaipanga upya? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuanzia na kusoma picha, kisha kuingia katika uundaji wa picha za kuigiza, yaani picha ambamo watu, maleba, mandhari na mwanga hupangwa makusudi mbele ya kamera ili kurejelea tukio au mtu wa zamani. Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akajiuliza somo la usanifu limeingiaje humu. Jibu litajitokeza lenyewe pale maandishi ya chini ya picha yatakapojadiliwa, kwani hapo kazi ya msanifu na kazi ya mwanaisimu hazitenganiki.

Kusoma kabla ya kutafsiri

Aghalabu mtu anapoonyeshwa picha huruka moja kwa moja hadi kwenye maana. Akionyeshwa ile ya Kimathi atasema: "Huyu ni shujaa aliyesalitiwa." Kauli hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini haijatoka pichani. Imetoka katika yale ambayo msemaji aliyajua tangu awali. Erwin Panofsky, mwanahistoria wa sanaa aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani, alilishughulikia tatizo hili katika kitabu chake Studies in Iconology cha mwaka 1939. Alitoa mfano wa mtu anayekutana na mwenzake njiani, na mwenzake akavua kofia. Kwa macho matupu, kilichotokea ni kwamba umbo fulani limebadilika: mkono umepanda, kofia imeinuka. Kwa mtu anayejua mila za Ulaya, hiyo ni salamu. Kwa mtu anayechimba zaidi, tendo hilo ni mabaki ya desturi ya wapiganaji wa kale waliovua helmeti zao kuonyesha kwamba wamekuja kwa amani, na linaeleza jambo fulani kuhusu jamii nzima iliyomlea mvua kofia.

Mfano wa karibu zaidi na nyumbani ni picha za Mzee Jomo Kenyatta akiwa na mgwisho. Mtoto ambaye hajawahi kuelezwa chochote ataona mzee mwenye ndevu ameshika kijiti chenye manyoya ya mkia wa mnyama. Mtu mzima aliyekulia Kenya ataona alama ya uzee na mamlaka. Mtafiti naye atauliza kwa nini kiongozi wa dola mpya, aliyesoma London na kuvaa suti iliyoshonwa kwa mtindo wa Kizungu, alihitaji kushika kitu hicho kila alipohutubia umma, na suti na mgwisho vilikuwa vikisema nini kwa pamoja ambacho kimoja peke yake kisingeweza kukisema.

Ngazi ya kwanza ndiyo inayodharauliwa mno na wanafunzi, kwa kuwa inaonekana ya kitoto. Ilhali ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote kwa anayekusudia kuunda picha. Mtu asiyeweza kuorodhesha kilichomo katika fremu (nani yuko wapi, mwanga unatoka upande gani, kamera iko juu au chini ya macho ya anayepigwa, kitu gani kimekatwa na ukingo wa picha) hawezi kukiunda upya, na hawezi kujua alichokibadilisha alipokiunda. Katika picha ya machela, ngazi hii ya kwanza inamfunza mtazamaji jambo moja zito: kamera iko juu ya mtu. Aliyeishika amesimama, na aliyepigwa hawezi kusimama. Kabla hata jina la Kimathi halijatajwa, picha imekwisha kupanga nani ana nguvu na nani hana.

Nanga ya maneno

Mwaka 1964 Roland Barthes, mhakiki wa Ufaransa, alichapisha insha kuhusu usemi wa picha akitumia tangazo la biashara la tambi. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni kwamba picha yoyote ina maana nyingi zinazoelea, na maneno yanayoambatana nayo hufanya kazi ya nanga: huishikilia maana moja na kuzizuia nyingine zisipeperuke. Kwa mtazamaji wa mwambao, istiari hiyo haihitaji maelezo. Chombo kisichotia nanga huchukuliwa na mkondo.

Picha ya machela ni ushahidi bora wa hoja hii. Serikali ya kikoloni, iliyowaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi, iliitumia kama tangazo la ushindi. Picha hiyo hiyo, bila kubadilishwa hata nukta moja, imekuja kuchapishwa katika vitabu, kwenye fulana na katika mabango ya maadhimisho kama picha ya shujaa. Kilichobadilika ni nanga. Mabadiliko hayo hayakuja haraka wala kwa urahisi. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliendelea kuwamo katika sheria za Kenya huru hadi ilipoondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Katika muda huo wote maandishi ya kifasihi yalikuwa yameitangulia serikali. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Kimathi ilichapishwa mwaka 1976, na tafsiri yake ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ikafuata. Neno "mzalendo" katika jina la tafsiri hiyo ni nanga iliyotiwa kwa makusudi.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapomfaa msanifu. Chukua sentensi mbili zinazoweza kuandikwa chini ya picha ile: "Kimathi amelala kwenye machela" na "Kimathi amelazwa kwenye machela." Msomaji wa haraka ataziona kuwa sawa. Sivyo. Kitenzi "lala" humfanya Kimathi kuwa mtenda, kana kwamba alichagua kujinyoosha apumzike. "Lazwa" kina mnyambuliko wa kusababisha na wa kutendwa kwa pamoja: yupo mtu aliyemlaza, ingawa hatajwi. Kwa kiambishi kidogo tu, maandishi yamemrudisha pichani mtu ambaye kamera ilimwacha nje. Vivyo hivyo "ametiwa pingu" na "ana pingu". Lugha nyingi hulazimika kutumia kishazi kizima ili kusema kile ambacho Kiswahili hukisema kwa kunyambua kitenzi. Ni ajabu kwamba wanafunzi wa usanifu nchini, ambao hufunzwa kwa Kiingereza, huandika maandishi ya picha zao kwa Kiingereza kisha kuyatafsiri juu juu, na katika kutafsiri huko huchukua kitenzi kilicho karibu bila kujiuliza kina kauli gani.

Sanamu kama picha iliyopangwa upya

Mchongaji wa sanamu ya Barabara ya Kimathi, Kevin Oduor, hakuwa na budi kuchagua. Kila chaguo katika sanamu hiyo laweza kusomwa dhidi ya kumbukumbu zilizopo. Habari za kukamatwa kwa Kimathi zinasimulia kwamba alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Shtaka lililosikizwa Nyeri Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi, na kwa shtaka hilo alihukumiwa kifo, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu haina bastola wala koti la chui. Ina bunduki, kisu na vazi la askari.

Je, huo ni uongo? Mtazamaji mkali angesema ndiyo. Lakini bastola ndiyo iliyokuwa ushahidi wa upande wa mashtaka, na kuiweka mkononi mwa sanamu kungekuwa kuirejesha hukumu ya 1956 katikati ya jiji. Vazi la askari nalo linadai kwamba vita vya msituni vilikuwa vita kamili, vyenye jeshi na vyeo, dai ambalo serikali ya kikoloni ililikataa ilipomshtaki kiongozi wake kama mhalifu wa kawaida. Tarehe ya uzinduzi, miaka 50 kamili tangu anyongwe, ni sehemu ya usanifu huo. Kwa mtazamo huu sanamu ni jibu kwa picha: mtu aliyekuwa amelazwa amesimamishwa, na aliyetazamwa kutoka juu sasa anatazamwa kutoka chini, kwa kuwa yuko juu ya msingi wa mawe. Kila kipimo cha ngazi ya kwanza kimegeuzwa.

Kuna hata hivyo kitu ambacho sanamu haiwezi kukigeuza. Mjane wa Kimathi, Mukami, alidai kwa miaka mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike kwa heshima. Hadi alipofariki Mei 2023 alikuwa hajakabidhiwa. Kwa familia isiyo na kaburi la kulizuru, picha ya machela ni miongoni mwa mambo machache ya mwisho yaliyobaki ya mwili wa baba. Mwanafunzi anayekusudia kuiigiza studioni, kwa taa za kukodi na rafiki yake aliyesokota nywele, anapaswa kulijua hilo kabla hajabonyeza kamera.

Kupanga si kudanganya

Picha za kuigiza zina umri sawa na kamera yenyewe. Mwaka 1840, Mfaransa Hippolyte Bayard, aliyevumbua mbinu yake ya kutengeneza picha lakini heshima na fedha za serikali zikaenda kwa Daguerre, alijipiga picha akiwa amefumba macho, kifua wazi, ameegemea kando kama maiti. Nyuma ya picha aliandika kwamba huyo ni Bayard, aliyejitosa majini kwa kukata tamaa. Maiti haiandiki barua. Mtu yeyote aliyegeuza picha na kusoma alijua papo hapo kwamba ni igizo, na kwamba lalamiko lililomo ndani yake ni la kweli.

Linganisha na kisa cha Alexander Gardner, mpiga picha wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Julai 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg, kundi lake lilipiga picha ya askari aliyekufa nyuma ya ukuta wa mawe, bunduki imeegemezwa kando yake. Zaidi ya karne moja baadaye, mtafiti William Frassanito alionyesha kwa kulinganisha picha zilizopigwa siku hizo kwamba maiti hiyo ilikuwa imebebwa takriban yadi 40 kutoka mahali pengine na kupangwa pale, pamoja na bunduki isiyokuwa yake. Gardner aliichapisha pamoja na masimulizi marefu ya mdunguaji aliyekufa peke yake. Edward Curtis naye, katika kazi yake kubwa kuhusu wenyeji asilia wa Marekani iliyotolewa kati ya 1907 na 1930, alipiga picha ya wazee wawili wa Kipiegan ndani ya hema lao, na kati yao palikuwa na saa. Katika picha iliyochapishwa saa imefutwa, kwa sababu mpiga picha alitaka watu wasioguswa na wakati.

Tofauti kati ya Bayard na hawa wawili haiko katika kupanga, maana wote walipanga. Bayard alimpa mtazamaji ufunguo wa igizo, wengine waliuficha. Na pale ufunguo ulipofichwa, wenye kupoteza ni wale waliokuwa mbele ya kamera: askari alipoteza mahali alipofia, na wazee walipoteza saa yao, yaani haki yao ya kuishi katika karne moja na mpiga picha.

Afrika Mashariki haikosi mapokeo yake ya kupanga. Mjini Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha vipande vya picha mbalimbali na kupata taswira ambazo hakuna kamera ingeweza kuziona. Katika kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapiga picha walisimamisha studio za muda zenye maua ya plastiki na mandhari ya meli na ndege, na wateja wakapigwa picha wakiwa safarini ilhali wamesimama mita chache kutoka feri. Mtaalamu wa Ujerumani Heike Behrend ameziandikia studio hizo kwa kina. Hakuna aliyedanganyika. Mteja, mpiga picha na ndugu aliyetumiwa ile picha bara, wote walijua kwamba ndege ni ya kuchorwa. Picha ilikuwa tamko la matumaini, na ilisomwa hivyo.

Fosso na Diop

Wasanii wawili wa Afrika wameupeleka mtindo huu katika historia moja kwa moja. Samuel Fosso alizaliwa Cameroon mwaka 1962, akakulia Nigeria, na vita vya Biafra vikamsukuma hadi Bangui, ambako alifungua studio mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka 2008 alitoa mfululizo wa picha uitwao African Spirits, ambamo anajigeuza kuwa watu mashuhuri wa Afrika na wa asili ya Afrika: Kwame Nkrumah, Patrice Lumumba, Haile Selassie, Angela Davis, Muhammad Ali na wengineo. Kila picha inarejelea picha halisi inayojulikana. (Mwaka 2014 nyumba yake ya Bangui iliporwa wakati wa machafuko, na waandishi wa habari waliokuwa karibu wakaokoa sehemu ya filamu zake kutoka mavumbini. Mtu aliyetumia uhai wake kuhifadhi nyuso za wengine nusura apoteze zake.)

Picha moja ya mfululizo huo inastahili kukaliwa. Fosso ni Martin Luther King akiwa na kibao cha namba ya mfungwa shingoni, kama alivyopigwa na polisi wa Montgomery mwaka 1956, mwaka ule ule wa machela ya Nyeri. Picha ya polisi ni mateka: aliyepigwa hakuulizwa asimame vipi, avae nini wala atazame wapi. Fosso anavirudia vyote hivyo kwa uangalifu, namba ikiwemo, lakini yeye ndiye aliyeweka taa, na yeye ndiye aliyeamua kamera ibonyezwe lini. Umbo ni lile lile na mamlaka yamehama. Katika picha ya Kimathi, mchongaji wa Nairobi aliligeuza umbo ili kuhamisha mamlaka. Fosso anaonyesha kwamba kuna njia ya pili, ya kuliacha umbo na kubadilisha mshika kamera. Njia hii ni ngumu zaidi, kwa kuwa mtazamaji asiyejua nani aliyepiga picha ataona fedheha tu.

Omar Victor Diop wa Senegali alichukua njia ya tatu. Katika mfululizo wake wa 2014 alijipiga picha kwa kufuata michoro ya zamani ya Waafrika walioishi nje ya bara lao. Mmoja wao ni Jean-Baptiste Belley, mjumbe wa Saint-Domingue katika bunge la mapinduzi la Ufaransa lililopiga marufuku utumwa Februari 1794. Girodet alimchora mwaka 1797 akiwa ameegemea sanamu ya kichwa ya Raynal, mwandishi aliyeupinga utumwa. Diop anavaa maleba ya karne ile, lakini ndani ya picha ametia mpira wa soka. Mpira huo hauwezi kuwa wa 1797. Umewekwa ili mtazamaji ashtuke na kuwakumbuka wachezaji wa Kiafrika wanaoshangiliwa katika viwanja vya Ulaya na kutukanwa katika viwanja hivyo hivyo. Mpira ni ufunguo kama ule wa Bayard: unakiri kwamba picha ni ya leo, na papo hapo unaeleza kwa nini imepigwa leo.

Mekatilili studioni

Tuseme mwanafunzi amepewa kazi ya kuunda picha ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913 kuukataa utawala wa Waingereza uliotaka kodi na vijana wa kufanya kazi. Tatizo lake ni kinyume cha lile la Kimathi. Picha zinazosambazwa kwa jina la Mekatilili aghalabu ni michoro na maigizo ya baadaye. Hakuna umbo la kuligeuza. Kilichopo ni kumbukumbu za watawala, waliomwandika kama msumbufu, na masimulizi ya Wagiriama wenyewe, hususan kile kisa cha kuku: Mekatilili alikuja mkutanoni na kuku mwenye vifaranga, akamtaka mtawala Arthur Champion amnyakue kifaranga mmoja aone mama yake atafanya nini. Kuku akamdonoa.

Kisa hiki ni zawadi kwa msanifu, na pia ni mtego. Ni zawadi kwa sababu kina tendo, chombo na sura mbili zinazotazamana. Ni mtego kwa sababu kimesimuliwa mara nyingi mno, na picha inayokirudia neno kwa neno itakuwa mchoro wa kitabu cha watoto. Mwanafunzi mwenye busara atajiuliza ni dakika gani ya kisa aikamate. Mdomo wa kuku ukiwa umeshagusa mkono, kisa kimekwisha. Mkono ukiwa bado njiani, Champion hajajua na Mekatilili amekwisha kujua. Hapo ndipo penye picha.

Kisha yaja maleba. Vazi la mwanamke wa Kigiriama ni hando, vitambaa vilivyokunjwa marinda mengi kiunoni, na kitambaa cheupe cha pamba cha enzi hizo kiliitwa marekani kwa sababu ya asili yake. Jina la kitambaa peke yake linaeleza kwamba Ugiriama wa 1913 ulikuwa tayari umefungamana na biashara ya bahari. Mwanafunzi anayemvika Mekatilili ngozi na magome ili aonekane "wa asili" anafanya kile Curtis alichokifanya kwa saa.

Leso nayo ina mitego yake. Semi zilizochapishwa kwenye leso hazikuanza pamoja na leso zenyewe, na zilipoanza mwanzoni mwa karne ya 20 ziliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya hati za Kirumi kutawala. Mfanyabiashara wa Mombasa anayehusishwa na kuzianzisha, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alama yake bado inajulikana sokoni. Basi picha inayodai kuwa ya Mombasa ya 1890, yenye mwanamke aliyejifunga leso yenye jina safi la Kirumi, imejisaliti kwa maandishi. Kadhalika bango linalodai kuwa la 1914 huku limeandikwa kwa tahajia sanifu, ambayo kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kuisimamia rasmi mwaka 1930. Mhakiki wa sanaa huenda asiyaone haya. Mwanafunzi wa Kiswahili atayaona mara moja, na ingefaa aitwe studioni kabla ya kazi kuchapishwa.

Suala la rangi linahitaji uangalifu wa kiufundi. Wanafunzi wengi huamini kwamba picha huzeeka kwa kutiwa rangi ya hudhurungi na mikwaruzo kwa programu ya kompyuta. Huo ni upambaji. Sahani za kioo na filamu zilizotumiwa kwa kawaida miaka ya 1910 hazikuhisi mwanga mwekundu, na zilihisi mwanga wa buluu kupita kiasi. Matokeo yake mbingu ilitoka nyeupe tupu na kitambaa chekundu kikatoka cheusi. Anayetaka kuikaribia hali hiyo leo hutia kichujio cha buluu mbele ya lenzi, au huipunguza sehemu nyekundu ya picha anapoibadilisha iwe nyeusi na nyeupe. Lakini ngozi ya mtu mweusi ina wekundu na ukahawia mwingi, kwa hiyo teknolojia hiyo iliifanya nyeusi kuliko ilivyo, na nyuso nyingi za Waafrika katika picha za kale zimepotea katika kiza ambacho hakikuwapo machoni mwa waliokuwa pale. Mwanafunzi aige kasoro hiyo kwa ajili ya uaminifu wa kihistoria, au aikatae ili uso wa Mekatilili uonekane? Yaelekea jibu la busara ni kuuangaza uso wake kwa taa yake mwenyewe na kumwacha Champion katika mwanga wa zamani. Walimu wa upigaji picha wataguna, kwa kuwa mwanga hautaoana. Waache wagune.

Inabaki nanga. "Mekatilili wa Menza, 1913" ni maandishi ya uongo, hata kama kila uzi wa hando ni sahihi. "Igizo la kisa cha Mekatilili na kuku, kwa mujibu wa masimulizi ya Wagiriama," pamoja na mwaka wa kupigwa na jina la aliyeigiza, ni maandishi ya kweli, na hayaipunguzii picha chochote. Hili limekuwa jambo la dharura tangu programu za akili unde zianze kutengeneza picha za "zamani" kwa sekunde chache. Picha hizo hazina aliyeigiza, hazina aliyeshona, na husambazwa bila nanga hadi ziingie katika insha za wanafunzi wa shule kama ushahidi.

Kumrudia Kimathi

Je, machela ya Kimathi iigizwe? Njia tatu zilizokwisha kuonekana zote zina gharama. Kuligeuza umbo ni kuirudia sanamu ambayo tayari ipo. Kuliacha kama Fosso ni kumlaza tena baba wa watu ambao hawajamzika. Kutia kitu cha leo kama Diop kungewezekana, ila kitu hicho kingehitaji kuwa kizito kuliko mpira.

Ipo njia ya nne, nayo ni ya kugeuza kamera. Machela ikae mahali pa mpiga picha, yaani lenzi iwekwe chini, katika kimo cha kichwa cha mtu aliyelazwa, na ielekezwe juu. Kimathi hayumo pichani. Waliomo ni wale waliokuwa wamemzunguka. Mwanafunzi akimkabidhi mpiga picha wa igizo kamera aina ya Rolleiflex, kama zilizotumiwa na wanahabari wa miaka hiyo, ataishika kifuani na kutazama chini ndani yake, na hapo atakuwa mtu anayemtazama majeruhi bila kumwangalia. Akimkabidhi Leica, kamera itapanda jichoni na kuufunika uso. Kuhusu mavazi, sare za polisi wa dharura zinaonekana katika picha nyingi za miaka ya 1950 na zaweza kushonwa kwa usahihi.

Ugumu uko katika nyuso. Aliyempiga Kimathi risasi, Ndirangu Mau, alikuwa Mwafrika na askari wa polisi wa kikabila, mzaliwa wa jamii moja naye. Walinzi wa nyumbani walioshirikiana na serikali walikuwa majirani wa waliokuwa msituni, na watoto wa pande zote mbili wanaishi Nyeri hadi leo. Fremu iliyojaa nyuso za Kizungu pekee ingekuwa rahisi kuipanga na ingepokewa vizuri katika maonyesho ya chuo. Itakuwa imefuta saa. Mwanafunzi atalazimika kumtafuta mwenzake wa kumwigiza Ndirangu, amweleze anaombwa kuwa nani, na kukubaliana naye kama jina lake liandikwe chini ya picha.